2 ÷ 3/4: futikamba inasema imebaki nusu, daftari linasema theluthi mbili

Fundi Cherehani, Tanga

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba msaada wa hesabu, na naomba mnivumilie maana nitaeleza kwa urefu kidogo.

Mimi ni fundi cherehani, niko Ngamiani. Binti yangu yuko darasa la sita. Wiki iliyopita alirudi na daftari lina alama ya kosa kwenye swali hili: 2 ÷ 3/4. Yeye aliandika 2 na 1/2. Jibu la mwalimu ni 2 na 2/3. Hakulia, lakini alilishika daftari kama mtu aliyedhulumiwa, akaniambia, "Mama, mimi nilichora. Nimehesabu kwenye mchoro. Inabaki nusu."

Nikamwambia haya, tupime. Nilikuwa na kitambaa cheupe mezani cha mitandio ya watoto wa madrasa. Mtandio mmoja wa mtoto unakula robo tatu ya mita, yaani sentimita 75. Tukatandaza mita 2 kamili. Tukapiga chaki kwenye 75, tukapiga chaki kwenye 150. Mitandio miwili. Kilichobaki tulikipima kwa futikamba, mimi mara moja na yeye mara moja: sentimita 50. Nusu mita. Binti akaniangalia tu.

Kanuni naijua, tuliimbishwa sote: geuza ya pili, badili alama, zidisha. 2 × 4/3 = 8/3, sawa na 2 na 2/3. Siikatai. Lakini kitambaa kiko mezani. Theluthi mbili ya mita ni sentimita 66 na ushee, na kwenye kile kitambaa hakuna mahali penye 66. Miaka kumi na minne nakata nguo za watu kwa futikamba hiyo hiyo.

Basi maswali yangu ni mawili. La kwanza, nani amekosea, mtoto au kanuni? La pili, kwa nini tunageuza? Binti aliuliza darasani akajibiwa kuwa ndivyo kanuni ilivyo. Simlaumu mwalimu, darasa lina watoto wengi na kipindi ni kifupi. Ila mtoto wangu ameuliza kwa nini, na mimi nataka nimjibu.

Mzee wa Kanuni, Dodoma

Dada, usimchanganye mtoto na michoro. Mtihani hauna muda wa kuchora. Geuza, zidisha, rahisisha, songa mbele. Mimi nilikariri hivyo na nimefika chuo. Uelewa utakuja baadaye.

Fundi Cherehani, Tanga

Ahsante kaka. Ila kuna jambo sikulisema vizuri. Kanuni anaijua. Nilipolitazama daftari kwenye mwanga niliona kwanza aliandika 2 na 2/3, halafu akafuta akaandika 2 na 1/2, kwa sababu mchoro wake ulimwambia vingine. Yaani alilifuta jibu sahihi kwa kuwa alifikiri. Hilo ndilo linaloniuma. Sitaki ajifunze kwamba akifikiri anapoteza alama.

Mkufunzi Mstaafu, Morogoro

Mwanangu fundi, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nimefundisha hisabati chuo cha ualimu kwa muda mrefu, na nakwambia kwa moyo wote: huyo binti amefika mahali ambapo watu wazima wengi hawajawahi kufika. Mchoro wake hauna kosa. Kilichokosewa ni neno moja ambalo hakuliandika.

Tuchore. Kila kisanduku hapa chini ni robo ya mita. Mita 2 zina robo nane:

[ ] [ ] [ ] [ ] | [ ] [ ] [ ] [ ]

Mtandio mmoja unakula visanduku vitatu. Tuandike ndani ya kila kisanduku ni cha mtandio wa ngapi:

[1] [1] [1] [2] | [2] [2] [3] [3]

Mtandio wa kwanza umetimia. Wa pili umetimia. Wa tatu umepata visanduku viwili, na ulikuwa unahitaji vitatu. Viwili kati ya vitatu. Hiyo ndiyo theluthi mbili uliyokuwa unaitafuta mezani. Ulikuwa unaitafuta kama theluthi mbili ya mita, ndiyo maana hukuiona. Ni theluthi mbili ya mtandio.

Kipande ni kile kile. Ukikipima kwa mita ni nusu. Ukikipima kwa mitandio ni theluthi mbili. Jaribu: chukua sentimita 75, ugawe mara tatu, kila fungu 25. Mafungu mawili ni 50. Futikamba yako na kanuni zimekubaliana.

Sasa swali 2 ÷ 3/4 linauliza nini? Linauliza, "Katika 2 mna robo tatu ngapi?" Jibu lazima lihesabu robo tatu, yaani mitandio. Miwili, na theluthi mbili ya mwingine. Binti angeandika "2, baki nusu mita," ningempa alama zote na ningempigia makofi. Alichofanya ni kuunganisha mitandio miwili na nusu mita kana kwamba ni kitu kimoja. Ni kama kusema nina kuku wawili na nusu kilo ya nyama, halafu nikaandika nina kuku wawili na nusu.

Kwa nini tunageuza? Futa mita ya pili, ubaki na moja tu:

[1] [1] [1] [2]

Katika mita moja mna mtandio mmoja mzima na kisanduku kimoja cha mtandio wa pili, ambacho ni theluthi yake. Mtandio mmoja na theluthi moja ni 4/3. Itazame namba hiyo vizuri. Ndiyo ile 3/4 iliyogeuzwa. Haikugeuzwa kwa uchawi. Inajibu swali lake yenyewe: mita moja inatoa mitandio mingapi? Inatoa 4/3. Je, mita mbili? Mara mbili ya hapo, 2 × 4/3. Mita tano? 5 × 4/3. Ndiyo maana kugawanya kumekuwa kuzidisha. Mwambie binti achore mita moja tu kila mara, aulize imetoa ngapi, halafu azidishe kwa mita alizonazo. Akichora mara kumi, kanuni itakuwa yake.

Kaka wa Dodoma, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe. Mtafiti mmoja, Liping Ma, aliwahi kuwapa walimu wa shule za msingi wa Marekani na China hesabu ya 1 na 3/4 gawanya kwa 1/2, akawaomba kila mmoja atunge kisa cha maisha kinacholingana nayo. Matokeo aliyachapisha mwaka 1999. Kati ya walimu 23 wa Marekani, aliyetunga kisa chenye maana sahihi alikuwa mmoja. Wengine wengi walitunga visa vya kugawana kati ya watu wawili, yaani kugawanya kwa 2, au vya kuchukua nusu. Hao ni walimu, na kanuni walishawahi kufundishwa. Uelewa haukuja baadaye. Na mimi nilikuwa nikiuliza swali hilo hilo kwa wanachuo wangu wa mwaka wa kwanza, na karibu kila mwaka kisa cha kwanza kutajwa kilikuwa cha ndugu wawili wanaogawana shamba.

Bibi wa Unguja

Nami nitie neno. Tatizo jengine liko kwenye lugha yetu wenyewe. Ukimwambia mtoto "gawa sita kwa nusu," masikio yake yanasikia "gawa nusu kwa nusu," na hapo atakupa tatu bila ya kufikiri. Wala hajakosea Kiswahili. Nusu kwa nusu ndivyo tunavyogawana maembe. Lakini hesabu ilikuwa inataka kumi na mbili.

Na neno "kugawa" lenyewe linatufunga. Mtu humgawia mtu. Utamgawia vipi robo tatu ya mtu? Mimi wajukuu zangu wakija na sehemu za kugawanya naliweka neno hilo pembeni, natumia "kupima." Natoa kibaba cha bati alichoniachia marehemu mama yangu. Pishi moja ni vibaba vinne, hilo watoto wa siku hizi hawalijui mpaka ifike zaka ya fitri. Basi namwaga mchele pishi moja na nusu kwenye ungo, namwambia mtoto: pima kwa kibaba, hesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Haya, kibaba ni robo ya pishi. Andika: 1 na 1/2 gawanya kwa 1/4 ni 6. Jibu limekuwa kubwa kuliko mchele tulioanza nao, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu ameuona mkono wake ukipanda na kushuka mara sita.

Huko skuli ndiko wanakoambiwa kwamba kugawanya kunapunguza. Kunapunguza ukigawa kwa watu wawili au watatu. Ukipima kwa chombo kidogo, hesabu inakuwa kubwa. Mwana wa fundi naye apime, asigawe.

Mwenye Duka, Moshi

Mama wa Unguja kasema kweli, ila si kila hesabu ya kugawanya ni ya kupima. Dukani kwangu iko ya aina nyingine kila siku.

Mteja anakuja: "Juzi niliuziwa robo tatu ya mchele kwa shilingi 2,100. Kilo nzima ni ngapi?" Hiyo ni 2,100 ÷ 3/4. Hapo huwezi kuuliza katika 2,100 mna robo tatu ngapi, haina kichwa wala miguu. Mimi kijana wangu wa dukani nilimchorea kilo moja kwenye karatasi ya kufungia, visanduku vinne:

[700] [700] [700] [   ]

Vitatu vimelipiwa, vyote 2,100. Kimoja ni 2,100 gawanya kwa 3, yaani 700. Cha nne kina bei sawa na wenzake. Kilo ni 700 mara 4, ni 2,800. Umegawa kwa 3, umezidisha kwa 4. Si ndiyo 4/3 ile ile ya mzee wa Morogoro? Nilikuwa naifanya miaka yote bila kujua ina jina.

Mkufunzi Mstaafu, Morogoro

Mwenye Duka, umeeleza sawasawa, na Bibi wa Unguja kanifundisha jambo kuhusu lile neno. Kugawanya kuna sura hizo mbili. Moja inauliza "mara ngapi?" na nyingine inauliza "kimoja kizima ni kiasi gani?" Mtoto akisoma swali, kabla ya kuchora ajiulize ni ipi kati ya hizo.

Fundi Cherehani, Tanga

Shikamoo mwalimu, shikamoo bibi. Nimesoma yote kwa sauti, binti akiwa pembeni na kalamu. Alipofika kwenye [3] [3] alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe cha tatu hakijamalizika." Ndivyo alivyosema. Akarudi mezani, akachukua chaki, akagawa kile kitambaa chote kwa sentimita 25, 25, mpaka mwisho.

Lakini ameniletea swali jipya na mimi sikuweza kumjibu. Je, kama kitambaa chenyewe ni kidogo kuliko mtandio? Kitabu kina 2/3 ÷ 3/4. Alijaribu kuchora visanduku vya robo, theluthi zikakataa kuingia. Akajaribu visanduku vya theluthi, robo zikakataa.

Mkufunzi Mstaafu, Morogoro

Marahaba mwanangu. Amekwama mahali pazuri sana, kwa sababu ameshagundua mwenyewe kwamba anahitaji kisanduku kinachofaa pande zote mbili.

Mpe karatasi ya daftari. Aikunje sehemu tatu sawa kwa kulala, aifungue, kisha aikunje sehemu nne sawa kwa kusimama. Akiifungua atapata visanduku 12, vyote sawa. Karatasi nzima ndiyo 1.

Theluthi mbili ni mistari miwili ya kulala:

■ ■ ■ ■
■ ■ ■ ■
□ □ □ □

Ahesabu: visanduku 8.

Robo tatu ni mistari mitatu ya kusimama:

■ ■ ■ □
■ ■ ■ □
■ ■ ■ □

Ahesabu: visanduku 9.

Mtandio unataka visanduku 9, kitambaa kina 8. Haukutimia mtandio mmoja, umepatikana 8/9 ya mtandio. Jibu ni 8/9. Kwa kanuni: 2/3 × 4/3 = 8/9. Visanduku vikishakuwa vya ukubwa mmoja, yaani 8/12 na 9/12, asili (namba za chini) hazina kazi tena, unagawa kiasi kwa kiasi (namba za juu), 8 kwa 9, kama vile unavyogawa vishikizo 8 kwa vishikizo 9. Kuna watoto wanaoipenda njia hii kuliko kugeuza, na mimi sikuwahi kuwazuia. Jibu ni lile lile na mtoto anajua alichofanya.

Ushauri mmoja wa mwisho, nao ni wa vitendo tu. Asichore chapati. Vitabu vingi vinapenda duara. Duara linafaa kwa nusu na robo, lakini theluthi na humusi (sehemu ya tano) mkono wa mtoto hauwezi kuzipata, vipande vinatoka vikubwa na vidogo, kisha anahesabu uongo aliouchora mwenyewe. Mstari mrefu ni bora. Nyumbani kwa fundi mna mstari mrefu bora kuliko wote, umeshaandikwa namba na hauchoki.

Mzee wa Kanuni, Dodoma

Nimefuatilia. Nilikaa na karatasi nikajaribu kutunga kisa cha 1 na 3/4 gawanya kwa 1/2. Nimetumia dakika kadhaa, na cha kwanza kilichonijia kilikuwa cha kugawana na mdogo wangu. Mwalimu ulinisema mapema. Cha pili nadhani ndicho: nina lita 1 na robo tatu za maziwa, najaza chupa za nusu lita. Zinajaa tatu, na ya nne inafika nusu yake. Jibu 3 na 1/2. Ile robo lita ya mwisho ni nusu ya chupa. Kwa mara ya kwanza nimeiona hiyo nusu inatoka wapi. Dada fundi, mpe binti pole yangu kwa niliyoyaandika mwanzo.

Mkufunzi Mstaafu, Morogoro

Ndicho. Hakina kasoro.

Fundi Cherehani, Tanga

Ndugu zangu, narudi kuwapa habari.

Karatasi ameikunja, 8/9 ameipata, na karatasi yenyewe ameibandika ukutani juu ya cherehani. Pole ya kaka wa Dodoma nimemfikishia, akasema ahsante, akauliza kama kaka naye yuko darasa la sita.

Jana alikuwa bado anakizungukia kile kitambaa cha mita mbili. Akaniuliza mtandio wa tatu umepungukiwa kiasi gani. Nikamwambia hesabu. Akasema kisanduku kimoja, yaani robo mita. Nikampa hela, akaenda duka la vitambaa kununua robo mita. Dukani wakamwambia hawakati robo, wanaanzia nusu. Akachukua nusu.

Kitambaa cha mtandio wa tatu kina mshono, ila nimeushona kwa uangalifu hauonekani. Imebaki robo mita. Nilipokuwa napiga pasi nilimsikia anahesabu peke yake, halafu akaandika daftarini, na hapa nanakili kama alivyoandika: "Mita 2 na 1/2 gawanya kwa 3/4 = mitandio 3 na 1/3. Imebaki robo mita. Robo mita ni theluthi ya mtandio." Mitandio amepigia mstari mara mbili.